Rundo la Mawe Mizigoni

Jumatatu, 3 Februari

Nilipostaafu nilipewa cheti, thermosi na mkono wa kwaheri. Madaftari sita ya kusomea mita za maji nilijipa mwenyewe. Kila ukurasa una safu mbili: usomaji wa awali, usomaji wa sasa. Miaka minne nimeyaweka chini ya kitanda nikisubiri kitu cha kusoma. Leo kimekuja kimevaa viatu vilivyochongoka.

Anaitwa Elikana, afisa utamaduni mpya, hajamaliza hata mwaka hapa Kigoma.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye Mama Mita?"

Nikamwambia jina langu Veneranda, ila Mama Mita naitika pia. Miaka ishirini na saba nimeingia kila ua kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, na mbwa wa mji huu wananifahamu kuliko mapadri.

Anatafuta alama za kale. Vibao, nguzo, mawe ya makaburi, chochote walichokiweka watu wa zamani ili wa leo tukumbuke. Orodha inafungwa tarehe 30 Aprili. Kitakachoingia kitalindwa kwa sheria. Kisichoingia kitakutana na greda, maana barabara ya juu inapanuliwa masika haya haya.

Mimi sikusomea historia. Sikusomea kitu baada ya darasa la saba. Lakini kutafuta namba iliyojificha nyuma ya choo cha mtu, tena choo kikiwa na mtu, hapo hakuna profesa atakayenishinda. Nikakubali. Malipo ni kofia yenye nembo.

Alhamisi, 6 Februari

Buzebazeba. Nyuma ya banda la kuku tumekuta nguzo ya zege yenye herufi na namba. Elikana amepiga picha kumi na nne, mbili akiwa amepiga magoti. Mwenye nyumba akatuambia nguzo hiyo waliiweka wapima viwanja mwaka aliozaliwa mtoto wake wa mwisho. Mtoto mwenyewe alikuwa pale, anapiga mswaki.

Jumapili, 9 Februari

Mvua kutwa. Misa, usingizi, mvua.

Jumanne, 11 Februari

Kibirizi, kwa Omari muuza dagaa. Chini ya mizani yake kuna bamba la chuma lenye maandishi ya Kijerumani. Nililiona zamani nikienda kusoma mita yake, ambayo kwa miaka tisa haikusogea hata namba moja, ingawa Omari alikuwa anaoga.

"Linasemaje?" Elikana akauliza, sauti imelegea kama mtu kanisani.

"Linasema haliuzwi," akajibu Omari.

Tukalisugua kwa mchanga. Elikana akatafsiri kwa simu yake. Ni la boila ya meli, linaeleza mvuke ukifika kiasi gani mtu akimbie. Nikacheka hadi nikaegemea magunia. Elikana hakucheka. Lina maandishi, lina mwaka. Limeingia kwenye orodha.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimempeleka Mizigoni.

Ukitoka Katubuka kwa njia ya juu, kabla barabara haijashuka kuelekea Ujiji, kuna kichuguu cha mawe kando ya njia. Kinanifika kifuani. Nimekizunguka kwa hatua thelathini na moja. Hapo ndipo ziwa linapoonekana kwa mara ya kwanza kwa mtu anayetoka bara. Misafara iliyotoka Tabora ilifika pale baada ya miezi, watu wamebeba pembe na shaba na vitu vya wengine. Mpagazi alitua mzigo, akaweka mawe mawili: moja lake, kwamba amefika, na moja la mwenzake ambaye hakufika. Hakuna jina lililoandikwa, kwa sababu waliokuwa na kalamu hawakuwa wamebeba mizigo.

Mpaka leo watu wanaweka. Mtu akirudi safari, moja lake, moja la asiyefika. Mimi sijawahi. Marehemu mama yangu alisema ni mambo ya Waislamu, na Waislamu wa Ujiji wanasema ni mambo ya Waha. Lawama hiyo imekuwa ikivuka barabara kwa miaka mia moja na mawe yanaongezeka tu.

Pembeni ya rundo nikamkuta mwanamke amekaa chini ya turubai anapasua kokoto. Damu ikanipanda.

"Binti, unapasua kumbukumbu za watu?"

Hakuinua kichwa. Nyundo ikashuka, ta. "Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, unapasua—"

"Haya nayabeba kutoka kilimani kwa kichwa changu. Yale pale ni ya watu. Mimi mwenyewe nina mawili mle. Nikianza kupasua nitajuaje langu ni lipi?"

Anaitwa Ummy, mama Yasmini, mtu wa Ujiji. Sikumwamini. Mtu anayeishi kwa kupasua mawe kukaa kando ya rundo la mawe ya bure ni sawa na fisi kukaa mlango wa bucha akisema anapenda kivuli.

Elikana akatoa fomu. "Safu ya nne, maandishi. Yako wapi?"

"Hakuna."

"Jina la mhusika? Mwaka?"

Nikamwonyesha mawe. Akafunga kalamu. "Mama, hili ni rundo la mawe."

Na lile la Omari ni boila. Lakini sikusema, kofia yake nilikuwa nimeivaa.

Jumatano, 19 Februari

Msimamizi wa barabara anaitwa Adolf. Amekuja na kopo la rangi. Mtaro wa maji utapita pale pale penye rundo, kazi inaanza baada ya Pasaka. Jiwe la juu kabisa amelipiga X nyekundu, kama wanavyopiga nyumba za watu.

Nilipofika Ummy alikuwa anaitazama X hiyo, mikono kiunoni.

"Mpigie yule kijana wako," akaniambia. "Mwambie sasa lina maandishi."

Nimempigia. Hakuona kichekesho. Mimi nilikiona nikiwa nimeshafika nyumbani, nikacheka peke yangu jikoni na nikachukia kwamba nimecheka.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeamua kulisoma rundo kama mita. Nimepima kwa kamba, nimeweka alama ya mkaa pande nne. Kila asubuhi saa kumi na mbili nipo pale. Elikana anataka namba, atapata namba.

Usomaji wa awali: X moja. Usomaji wa sasa: X moja, na mawe manne mapya juu yake. Haionekani tena.

Ijumaa, 28 Februari

Wiki hii mawe kumi na tisa. Nimeandika kila aliyeweka.

Mwanafunzi anayekwenda bweni, ameweka moja tu. Nikamuuliza la pili liko wapi, akasema bado hajamjua asiyefika. Ummy akamwambia, "Omba usimjue mapema."

Mzee wa mitumbwi, mawili. La pili la mdogo wake, ziwa lilimchukua na injini na kila kitu, ikabaki kofia.

Mama mmoja kutoka Kasulu. "Mwakeye," akatusalimu, tukaitikia. Alikuwa na mawe tisa ndani ya khanga. Akaweka moja, akapumua, akaweka mengine manane moja moja. Sikumuuliza. Ummy aliinuka akampa maji ya kunywa, akarudi kupasua. Hakumtazama usoni hata mara moja, na nikaona kwamba ile ilikuwa adabu, siyo kutojali.

Nimeangalia pia kama Ummy anaiba. Hajaiba.

Alhamisi, 6 Machi

Waislamu wameanza mfungo Jumapili, sisi Kwaresma jana. Mji mzima una njaa na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Watu wanagombania foleni ya bomba kama wamerithi maji.

Jumanne, 11 Machi

Nimempelekea Elikana daftari. Wiki mbili, mawe arobaini na matatu, watu ishirini na sita, sababu zao. Akasoma muda mrefu. Kisha akasema jambo lililonifanya nimpunguzie nusu ya dharau.

"Mama, mimi nakuamini. Fomu ndiyo haikuamini."

Kuna wakaguzi wa mradi watakuja tarehe 10 Aprili. Wao wana mamlaka ya kukubali alama isiyo na maandishi, mradi waione kwa macho yao ikiwa mahali pake, na waone watu wanaitumia.

"Wakiikuta, wataiandika?"

"Wakiikuta."

Basi. Siku thelathini za kulinda rundo la mawe ambalo limejilinda lenyewe tangu kabla bibi yangu hajazaliwa. Nikaona ni kazi nyepesi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya mawe. Mungu naye anachangia.

Ijumaa, 21 Machi

Jana mvua ilianza saa tisa mchana na haikutaka kusikia la mtu. Nilipokuwa nyumbani nikawaza mkondo unaoshuka kutoka kilimani, unavyolichimba rundo kwa chini. Nikavaa buti za kazi, nikachukua jembe, nikaenda.

Nikamkuta Ummy. Turubai lake lilikuwa limeshaondoka na upepo. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope anachimba mfereji kwa mikono na kipande cha karai, maji yapite pembeni. Alikuwa amefunga. Midomo imekuwa ya majivu.

"Kokoto zako zinaondoka na maji!" nikampigia kelele. Kweli zilikuwa zinaondoka, kazi ya wiki nzima inateremka kuelekea Ujiji.

"Kokoto nitapasua zingine. Chimba huku, mama, acha kusimama kama mgeni!"

Tukachimba hadi adhana. Nikampa mkate niliokuwa nao mfukoni, umelowa, akafuturu nao palepale. Sikuwahi kumwomba radhi kwa lile la fisi, kwa sababu sikulisema kwa sauti. Ila niliona ananitazama kama aliyelisikia, nikaomba radhi hivyo hivyo.

"Kwa lipi?" akasema.

"Utachagua mwenyewe."

Jumanne, 1 Aprili

Idi ilikuwa jana. Yasmini, binti wa Ummy, ameniletea pilau kwenye bakuli lenye mfuniko. Mimi nipo Kwaresma. Nimekula. Nitaeleza mbele ya padri.

Ijumaa, 4 Aprili

Kikao kwa mwenyekiti wa mtaa, Bonifasi. Tulisoma darasa moja, na tangu wakati huo ni mtu wa kufuta ubao hata kama hajatumwa. Nikamweleza kuhusu wakaguzi.

"Kutoka makao makuu?" Akavuta shati chini. "Dada Vene, mbona unaniambia leo! Wageni wa namna hiyo hawawezi kukuta mtaa uko hivi."

"Wewe hakikisha panapendeza tu, njia ipitike. Mengine niachie."

Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ili baadaye nisije kujitetea.

Jumatatu, 7 Aprili

Dada yangu yuko hoi Kasulu. Naondoka leo, nitarudi Alhamisi alfajiri. Rundo linanifika shingoni sasa. Mawe mapya tangu Februari: mia moja na tisa.

Alhamisi, 10 Aprili

Dada yu hai, anadai chai ya maziwa. Hiyo ndiyo habari njema, na imeisha.

Nimeshuka kwenye gari saa mbili asubuhi, pale njia panda. Kitu cha kwanza nilichokiona ni weupe. Pande zote mbili za barabara, umbali wa kama mita mia tatu, mawe yamepangwa mstari mmoja, yamenyooka, yamepakwa chokaa, yanang'aa kama meno ya bandia. Kama Mwenge unakuja. Nikasema moyoni, Bonifasi jamani, hodari. Nikatembea katikati ya mawe hayo nikitabasamu. Nikafika juu. Nikaliona ziwa mapema kuliko nilivyozoea.

Hapakuwa na kitu mbele yake.

Udongo umefagiliwa kwa ufagio wa chelewa, mistari yake inaonekana. Duara la hatua thelathini na moja, safi kama uwanja wa harusi. Bonifasi amesimama pale na suti ya kaunda, mkononi bado ana brashi.

"Dada Vene! Sema basi! Vijana wamefanya kazi jana kutwa!"

"Bonifasi, rundo liko wapi?"

"Si hilo!" Akanyoosha mkono barabarani, kulia na kushoto. "Nimelipanga."

Ummy alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, macho mekundu. Jana alikwenda kliniki na mtoto, aliporudi mawe yalikuwa yameshakauka chokaa.

"Na madogo?" nikauliza. "Yale madogo?"

"Madogo tumezibia mashimo ya barabara, gari la wageni lisirukeruke." Bonifasi akaanza kuona uso wangu. "Wewe si ulisema papendeze?"

Nilisema.

Katika nchi gani nyingine mtu angeheshimu kitu hadi kikaisha? Mwizi angeiba machache akaona aibu. Mvua ingesogeza, tungerudisha. Ila mtu mwema mwenye brashi na ndoo ya chokaa, akisubiri wageni, huyo hana wa kumzuia.

Wakaguzi walifika saa nne, watatu, pamoja na Elikana. Gari halikurukaruka. Bibi mmoja mwenye miwani akashuka, akasema, "Pazuri hapa. Alama yenyewe iko wapi?"

Elikana akanitazama. Mimi nikamtazama Bonifasi. Bonifasi akatazama viatu vyake.

"Mmepita juu yake," nikasema. "Iliyobaki mmepita katikati yake."

Nilieleza. Naamini nilieleza vizuri. Yule bibi alisikiliza na hakucheka, namshukuru. Akaomba fomu, akaandika neno moja, akamrudishia Elikana. Nimelisoma kichwa chini miguu juu, kazi yangu ilikuwa kusoma vitu vibaya kuliko hivyo: Halipo.

Walipoondoka Bonifasi akasema, polepole, "La baba yangu lilikuwa mle." Kisha akaenda zake na brashi yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikutoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Elikana amepiga simu. Amesikitika. Amesema "kwa bahati mbaya" mara nne. Adolf ataanza mtaro tarehe 22, Jumanne baada ya Pasaka.

Nikamuuliza, "Alama ikirudi mahali pake?"

"Mama, ikirudi itakuwa mpya. Alama ya kale haiwezi kuwa mpya."

"Kila jiwe lilikuwa jipya siku lilipowekwa, baba. Hata la mtu wa kwanza. Mwenzake aliyekuwa nyuma angesema halijatimiza umri, leo tungekuwa na jiwe moja."

Nikakata mimi, kwa mara ya kwanza maishani kumkatia afisa simu. Kitamu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda na toroli la jirani. Nikamkuta Ummy ameshaanza. Amebeba jiwe jeupe begani, jingine kwapani.

"Toroli la nini?"

"La kurahisisha."

"Rundo hili halikujengwa kwa toroli, Mama Mita. Mawili mawili, kwa mikono, na unataja. La kwangu, nimefika. La fulani, hakufika. Usipotaja tutakuwa tunahamisha kifusi tu, na kifusi Adolf ana haki nacho."

"Mawe mia sita makubwa, watu wawili, siku nane! Na wewe utakula nini?"

"Mama, mimi napasua mawe tangu nina mimba ya Yasmini. Usinitishe kwa mawe."

Nikaliacha toroli kando ya njia. Jiwe langu la kwanza maishani nimeweka leo, nina miaka sitini na nne. La kwangu: nimefika. La pili nilitaja jina la mume wangu, Pastory, aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo ya ziwa akasema miezi mitatu. Ni mwaka wa thelathini. Sikuwahi kusema "hakufika" kwa mdomo wangu, nilikuwa nasema "bado". Ummy alikuwa nyuma yangu na mawe yake, akangoja bila kunisukuma.

Leo sisi wawili: mawe sabini na sita. Mgongo wangu unaandika barua ya kuacha kazi.

Jumanne, 15 Aprili

Bonifasi amekuja. Bila suti. Amebeba jiwe moja jeupe kifuani kama mtoto mchanga, akasimama mbali.

"Naruhusiwa?"

"Tangu lini unaomba ruhusa?" nikasema.

Ummy akamwita. "Njoo mzee. Ila unaanzia kule chini kabisa, kwenye mstari wako."

Amebeba hadi jioni. Kila jiwe amesema la baba yake. Nikamnong'oneza Ummy kwamba baba wa Bonifasi ni mmoja tu, akasema, "Muache, hajui lipi ndilo, anahakikisha."

Ijumaa, 18 Aprili

Habari imeshuka Ujiji na imepanda Katubuka. Ijumaa Kuu. Baada ya swala ya Ijumaa walipanda wanaume wa Ujiji kwa miguu, na kanzu zao, kila mtu mawe yake mawili. Saa tisa sisi tulikuwa kwenye ibada, na kwa kuwa Njia ya Msalaba ilikuwa inapita barabara ileile, watu waliinama wakaokota njiani. Padri alijifanya haoni. Kituo cha kumi na mbili alikuwa naye ameshika kitu kwenye mkono wa joho.

Wenye mikono mitupu walichukua kwenye shehena ya Ummy, mawe ya kilimani aliyoyabeba kwa kichwa wiki nzima baada ya mvua kumchukulia yale ya kwanza. Ilikuwa kubwa kama kibanda asubuhi. Jioni palibaki vumbi na nyundo. Nikamwambia angeweza kukataa.

"Nikatae nini? Mtu kaja na jina la maiti mdomoni, nimwambie jiwe hili la wateja?"

Rundo limenipita kichwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Amefufuka. Nimehesabu kidogo tu, mara mbili.

Jumatatu, 21 Aprili

Watu kutoka Kalinzi, kutoka Mwandiga. Nimeacha kuandika majina, wino umenishinda.

Jumanne, 22 Aprili

Adolf amefika saa mbili na greda, tipa moja na vijana sita. Akashuka, akavua kofia ya plastiki, akalitazama rundo kutoka chini hadi juu. Limekuwa refu kama mlango, na pana kuliko nyumba yangu. Chini jeupe la chokaa, juu la kila rangi.

"Hii nini?"

"Ni ile uliyoipiga X," nikasema.

"Ile ilikuwa hapa!" Akajigusa kifuani. "Nani ameongeza?"

"Wapita njia."

Palikuwa na watu kama mia moja. Hakuna aliyepiga kelele. Ummy alikuwa amekaa mbele ya rundo kwenye ndoo yake, nyundo mapajani, Yasmini ubavuni.

"Dada, inuka, tufanye kazi."

"Fanya. Ila pana utaratibu, kaka. Kila jiwe linabebwa na mtu, na anayelitoa anataja nani hakufika. Sisi tumeyaleta hivyo. Mtaje wote, mtaro mchimbe."

Vijana sita wakatazamana. Mmoja akasogea nyuma ya tipa na hakurudi.

"Naita polisi," Adolf akasema.

"Ita," nikamwambia. "Waulize kwanza mawe yao yako upande gani, walipita juzi."

Akaenda kwenye gari, akarudi na jalada. Akasoma karatasi mara tatu, mdomo unacheza. Nimesoma watu wanaosoma bili maisha yangu yote. Najua uso wa mtu ambaye namba zimemkana.

"Kuna nini?" nikauliza kwa upole.

"Kifungu changu kinasema kuondoa kifusi, tipa moja." Akatazama rundo. "Hizi tipa tisa. Kumi."

"Basi chukua tipa yako moja."

"Nichukue moja niandike kazi imekwisha, mkaguzi aje akute mlima? Kuongeza kifungu lazima barua iende juu, irudi. Miezi mitatu. Mkataba wangu unaisha na masika!"

"Pole," akasema Ummy, na nadhani alimaanisha.

Adolf akakaa kwenye gurudumu la greda muda mrefu. Halafu akatoka na kamba na vigingi, akapima mwenyewe, mita nne kuelekea bondeni, kuzunguka. Kupindisha mtaro hakuhitaji barua ya mtu. Nikachungulia alichoandika kwenye ramani yake. Ameandika: Kizuizi.

Nimeitwa majina mengi mabaya nikisoma mita. Hili ni cheo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mtaro umepinda. Maji ya jana yamepita pembeni bila kugusa jiwe.

Elikana amekuja, viatu vyake vya kuchongoka mkononi kwa sababu ya tope. Amesimama mbele ya rundo, hakupiga picha. Kisha akasema amezungumza na wakubwa. Wako tayari kulipokea kabla ya tarehe 30, mradi tuweke kibao cha shaba chenye jina la kiongozi mmoja wa misafara na mwaka. Jina lolote linalojulikana, mwaka wa makadirio.

"Litalindwa, mama. Hicho ndicho ulichokitaka tangu Februari."

Ni kweli, ndicho nilichokitaka. Nikamtazama Ummy, naye akaendelea kupasua, ta, ta, akiniachia mimi.

"Ukiandika jina la mwenye msafara," nikamwambia, "waliobeba mizigo yake tutawahamishia wapi?"

"Mama, bila kibao siwezi kuliandika."

"Usiliandike."

"Na barabara ikipanuliwa tena? Miaka kumi ijayo?"

"Watakuja na tipa ngapi?"

Ni kijana mzuri, fomu ndiyo haijamlea vizuri. Akageuka kuondoka.

Jumatano, 30 Aprili

Orodha imefungwa leo saa tisa na nusu. Mizigoni haimo.

Asubuhi nimehesabu mawe saba mapya. Ummy ameleta shehena mpya kutoka kilimani, na Bonifasi anamsaidia kubeba, na hajapaka kitu rangi kwa siku ishirini.

Jioni Elikana amepiga simu. Si ya ofisi, namba yake mwenyewe. Amesema kwao alikuwa na kaka, alisafiri, hakufika. Ameuliza kama mtu asiye wa hapa anaweza kuja.

Nikamwambia aje. Ila asije mikono mitupu.